Kifungu cha 8 na Bandari za Moroko

Nilipokuwa mtoto Tanga, meli kubwa hazikusogea gatini. Zilitia nanga mbali ndani ya ghuba, shehena ikashushwa kwenye matishari, na matishari yakakokotwa hadi ukingoni ambako makuli waliyapokea magunia kwa mabega. Baba yangu alikuwa karani wa kuhesabu shehena, na riziki yetu yote ilitegemea umbali ule wa maji uliokuwapo kati ya meli na nchi kavu. Alikuwa akisema kwamba tishari hulisha wengi na hakuna anayeuliza ni la nani, lakini siku litakapojengwa gati la kina kirefu jambo la kwanza kuulizwa litakuwa hati: nani amejenga, kwa fedha ya nani, na atakusanya tozo kwa miaka mingapi.

Maneno hayo yalinirudia mwaka 2023, nchi yetu ilipokuwa ikibishana juu ya makubaliano ya bandari na Dubai, ambayo Bunge liliyaridhia tarehe 10 Juni mwaka huo. Katika mjadala ule jina la Mangungo wa Msovero lilitajwa kila mahali, kama mfano wa mtawala aliyeweka alama yake kwenye karatasi ya Carl Peters mwaka 1884 bila kujua kilichoandikwa. Sikusudii kuurudia mjadala huo hapa. Ninalotaka kusema ni kwamba mfano wa Mangungo uliniacha na mashaka, kwa sababu unatufundisha kuogopa ujinga wa anayetia saini, ilhali historia niliyoanza kuisoma tangu wakati huo inaonyesha hatari ya namna nyingine. Moroko ya mwanzo wa karne ya 20 ilikuwa na masultani waliosoma, mawaziri waliozoea kujadiliana na mabalozi, na mkataba wa kimataifa uliotamka waziwazi kwamba mamlaka ya dola juu ya bandari zake yatabaki kamili. Hapakuwa na kinga ya karatasi ambayo Moroko haikuwa nayo, na bandari zake zilijengwa hata hivyo kwa amri ya wengine.

Kabla sijaenda mbali, kuna maneno mawili ambayo lazima yaeleweke. Ninaposema kibali nina maana ya hati ambayo serikali huitoa kwa kampuni ili ijenge bandari kwa mtaji wake, iiendeshe, na ijilipe kwa tozo za meli na mizigo kwa muda uliopangwa. Ninaposema himaya nina maana ile ya wazee wa Zanzibar, yaani nchi ambayo mtawala wake amebaki kitini, bendera yake imebaki mlingotini, na mambo yake yameshikwa na dola nyingine iliyojiita mlinzi. Wamoroko nao wanatumia neno hilohilo la Kiarabu kuutaja utawala wa Wafaransa. Sisi tumekwenda hatua moja zaidi, kwa kuwa katika Kiswahili cha leo himaya ni ulinzi na himaya ni milki ya dola kubwa vilevile, na sidhani kama muungano huo wa maana uliingia katika lugha yetu kwa bahati.

Mji wa Tangier unakaa pale Bahari ya Mediterania inapokutana na Atlantiki, ukiitazama Hispania ng'ambo ya mlango wa bahari. Waingereza waliupata mwaka 1661 kama sehemu ya mahari ya Catherine wa Braganza alipoposwa na Mfalme Charles II, na mwaka 1663 wakaanza kujenga ukuta mkubwa wa mawe kuingia baharini ili meli zao zipate kimbilio. Walitumia fedha nyingi na miaka mingi, kisha mwaka 1684, walipoona mji hauwezi tena kushikwa, wakaulipua ukuta ule kwa baruti kabla ya kuondoka. Mawe yake yaliachwa majini na kuisumbua bandari. Kwa zaidi ya karne mbili baada ya hapo, msafiri wa Tangier alishuka melini kwa mashua, na bahari ikichafuka alishuka kwa hofu.

Hivyo ndivyo alivyoshuka Kaizari Wilhelm II wa Ujerumani tarehe 31 Machi 1905. Meli yake, Hamburg, ilitia nanga nje, upepo ulikuwa mkali, na mtawala wa mojawapo ya dola zenye nguvu kuliko zote duniani alilazimika kuletwa ufukweni kwa mashua ndogo. Akapanda farasi, akapita katika vichochoro vya mji, akatamka kwamba anamhesabu Sultani kuwa mtawala huru na kwamba biashara ya Moroko lazima iwe wazi kwa mataifa yote kwa usawa. Maneno hayo yalielekezwa kwa Ufaransa, ambayo mwaka mmoja nyuma, tarehe 8 Aprili 1904, ilikuwa imepatana na Uingereza kwamba Waingereza waachiwe Misri na Wafaransa waachiwe Moroko. Hata katika mapatano hayo ya 1904 bandari zilitajwa: kifungu cha 4 kilisema kwamba pande mbili zitahakikisha vibali vya barabara, reli na bandari vinatolewa kwa masharti yatakayoacha mamlaka ya dola kamili juu ya kazi hizo kubwa za umma.

Sentensi hiyo naomba ikumbukwe, kwa sababu itarudi mara nyingi. Nimeisoma mara nyingi sana, na mwanzoni ilinifurahisha. Ilionekana kana kwamba mtu fulani katika ofisi ya London au Paris alikuwa amekumbuka kwamba Moroko ni dola. Kadiri nilivyoendelea kusoma ndivyo nilivyoelewa kwamba kila dola iliiweka sentensi ile ili kumzuia mwenzake. Ikiwa bandari ni mali ya Sultani, basi si mali ya Mfaransa. Ikiwa si mali ya Mfaransa, basi mfanyabiashara wa Manchester au wa Hamburg ataingiza bidhaa zake kwa ushuru uleule. Mamlaka ya Sultani yalilindwa kwa sababu yalikuwa uzio ambao kila jirani aliuhitaji dhidi ya jirani wa pili.

Ujerumani yenyewe haikukaa ikihubiri usawa tu. Mwaka huohuo wa 1905, mjumbe wake Count Tattenbach alipokuwa Fez kwenye baraza la Sultani, kampuni ya Kijerumani ilipata kazi ya kujenga gati Tangier, na Paris ikalalamika kwamba mambo ya Moroko hayapaswi kuamuliwa kabla ya mkutano wa mataifa kukaa. Gati dogo la mawe likawa jambo la mabalozi.

Mkutano ulifunguliwa Algeciras, mji wa Hispania unaotazamana na Gibraltar, tarehe 16 Januari 1906, na hati yake ikatiwa saini tarehe 7 Aprili. Ilikuwa na vifungu 123, na sura nzima ilihusu huduma na kazi za umma. Kifungu cha 105 kilisema kwamba hakuna huduma ya umma ya Moroko itakayohamishiwa maslahi ya watu binafsi. Cha 106 kilisema kwamba Sultani akihitaji mtaji au ufundi wa kigeni kwa barabara, reli, bandari au simu za maandishi, mataifa yaliyotia saini yatahakikisha mamlaka ya dola yanabaki kamili. Cha 107 kikaamuru zabuni ya wazi isiyobagua taifa, kila pale ambapo taratibu za sheria za kigeni zinaruhusu jambo hilo kufanyiwa zabuni. Mwanasheria yeyote ataona mlango ulioachwa wazi katika maneno hayo ya mwisho. Na kifungu cha 66 kiliweka ushuru wa nyongeza wa asilimia 2.5 juu ya bidhaa zinazoingia, ili fedha yake iwekwe katika mfuko maalumu wa kazi za umma kwa ajili ya usafiri wa bahari na biashara, kazi zenyewe zikipangwa na serikali ya Sultani pamoja na mabalozi waliokaa Tangier.

Tuchukue muda kidogo juu ya kifungu hicho cha 66, kwa kuwa ndipo penye mwananchi wa kawaida. Mwanamke aliyenunua sukari au chai sokoni Fez ndiye aliyeulipa ushuru ule katika bei ya bidhaa. Fedha yake ilikwenda kwenye mfuko ambao matumizi yake yalihitaji kauli ya mabalozi wa Ulaya, ili kujengwe magati ambayo kandarasi zake zingegombewa na makampuni ya nchi za mabalozi haohao. Kila nilipokutana na hoja kwamba bandari zile zilikuwa zawadi ya mtaji wa kigeni, nilikirudia kifungu cha 66.

Miongoni mwa wajumbe wa Moroko mkutanoni walikuwamo wazee wawili wenye hadhi, Hajj Muhammad Torres na Muhammad al-Muqri. Walikataa kutia saini. Hati ikapelekwa Fez, na Sultani Moulay Abdelaziz akaitia saini tarehe 18 Juni 1906, akiwa hana msaada wa dola yoyote na hazina yake ikiwa imebanwa na mkopo. Huo mkopo, wa faranga milioni 62.5, ulichukuliwa mwaka 1904 kutoka kwa mabenki ya Kifaransa, na dhamana yake ilikuwa asilimia 60 ya mapato ya forodha za bandari. Serikali ya Moroko huitwa Makhzen, neno ambalo asili yake ni ghala au hazina. Ghala lilikuwa limekwisha kuwekwa rehani kabla ya jiwe la kwanza la gati kutumbukizwa majini.

Sasa nije Casablanca, ambako mambo haya yalitoka kwenye karatasi.

Pwani ya Atlantiki ya Moroko haina ghuba nzuri. Mawimbi yanakuja moja kwa moja kutoka bahari kuu, na kama ilivyokuwa kwetu Tanga, meli zilikaa mbali na mizigo ikaletwa kwa matishari ya Makhzen yaliyopigwa makasia na wenyeji. Mwaka 1907 Compagnie Marocaine, kampuni ya Kifaransa yenye uhusiano na viwanda vya Schneider, ilianza kazi ya kujenga bandari ndogo yenye kuta za kuyakinga matishari hayo. Mawe yalihitajika, machimbo yakafunguliwa kando ya mji, na reli ndogo ikatandikwa kuyasafirisha hadi ufukweni. Reli hiyo ilipita penye makaburi ya Waislamu, karibu na kaburi la Sidi Belyout, walii ambaye wenyeji humhesabu kuwa mlinzi wa mji wao. Wakati huohuo wakaguzi wa Kifaransa walikuwa wamekaa forodhani wakisimamia ile sehemu ya mapato iliyokuwa dhamana ya mkopo. Watu wa makabila ya Chaouia, wanaouzunguka mji, waliingia mjini wakadai mambo yanayoeleweka na mtu yeyote: kazi ya bandari isimame, na wageni waondoke forodhani.

Tarehe 30 Julai 1907 umati uliwaua wafanyakazi tisa wa Ulaya wa mradi ule, Wafaransa, Wahispania na Waitalia. Walikuwa vibarua na mafundi, watu wa kazi, na sitaki kuvipita vifo vyao kana kwamba si kitu. Tarehe 5 Agosti mabaharia wa Kifaransa waliteremshwa kutoka manowari Galilée, risasi zikalia mjini, na manowari ikaupiga mji kwa mizinga. Meli nyingine zikafuata, majeshi yakashushwa, na siku zilizofuata mji mkongwe uliporwa na kuchomwa, pamoja na mtaa wa Wayahudi. Kutoka hapo Wafaransa waliiteka Chaouia yote. Wafanyabiashara wa Ulaya waliopoteza bidhaa zao walidai fidia, na madai hayo yaliandikwa na kuhesabiwa. Waliokufa tisa tunawajua idadi. Wamoroko waliokufa katika mizinga na baada yake kila mwandishi anawapa hesabu yake, na tofauti kati ya hesabu moja na nyingine ni ya maelfu.

Nilifika Casablanca miaka michache iliyopita nikiwa njiani kwenda kwingine, nikatenga siku moja kwa ajili ya kaburi lile. Lipo bado, jengo jeupe lenye kuba, umbali wa hatua chache kutoka barabara iendayo bandarini, magari yakilizunguka pande zote. Nilisimama nje ya ukuta wake nikajaribu kukisia mahali reli ilipopita. Nadhani kila mtu aliyekulia mji wa bandari anajua jinsi ardhi ya karibu na maji inavyobadilishwa haraka, na jinsi makaburi yanavyokuwa ya kwanza kuondolewa na ya mwisho kusahauliwa.

Bahari ile iliendelea kuwatia mabalozi mashakani. Tarehe 25 Septemba 1908, maofisa wa ubalozi mdogo wa Ujerumani walijaribu kuwatorosha kwa bahari wanajeshi walioasi kikosi cha wageni cha Ufaransa. Mashua iliyokuwa iwafikishe melini ilishindwa na mawimbi, wakarudi ufukweni, na hapo wakakamatwa kwa purukushani na Wafaransa. Dola mbili zilikaribia kugombana vibaya kwa sababu ya tukio hilo, hadi baraza la usuluhishi la The Hague lilipotoa uamuzi tarehe 22 Mei 1909 uliogawa lawama pande zote mbili.

Msomaji wa pwani yetu ataona kwamba mchezo huu si mgeni. Mwaka 1889 Lamu ilikuwa katika hali inayofanana. Kampuni ya Kijerumani ya Witu ilidai kwamba imeahidiwa na Sultani wa Zanzibar usimamizi wa forodha ya Lamu, na kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikadai kwamba ahadi ni yake. Jambo likapelekwa kwa Baron Lambermont wa Ubelgiji, naye tarehe 17 Agosti 1889 akaamua kwamba Wajerumani hawakuthibitisha haki yao, na kwamba Sultani alikuwa huru kuitoa forodha yake kwa amtakaye. Sayyid Khalifa akaitumia mara moja hiyo haki ya kuwa huru, akawapa Waingereza. Uamuzi wa Lambermont ulikuwa sahihi kisheria, nami ninauheshimu. Lakini uhuru unaotambuliwa kwako ili tu uweze kumpa mtu wa pili kile alichokitaka wa kwanza ni uhuru wa namna ya pekee, na mwaka uliofuata Zanzibar ilikuwa himaya.

Moroko ilichelewa zaidi. Mwaka 1911 Ujerumani ilipeleka manowari iitwayo Panther kwenye bandari ya Agadir, Moroko, ikafika tarehe 1 Julai, na baada ya miezi minne ya hofu ya vita Ujerumani na Ufaransa zikaafikiana tarehe 4 Novemba: Wajerumani waikubali himaya ya Ufaransa nchini Moroko, nao wapewe sehemu kubwa ya Kongo ya Kifaransa iunganishwe na Kamerun yao. Watu wa bonde la Sangha na Ubangi walihamishwa kutoka bendera moja hadi nyingine ili mgogoro wa bandari za Atlantiki upoe. Hata hapo Wajerumani walihakikisha kwamba kandarasi za barabara, reli na bandari zitaendelea kufuata zabuni, na wakadai zaidi kwamba reli ya Tangier hadi Fez iwekwe mbele ya reli nyingine zote za biashara. Ndiyo sababu Wafaransa walianza na vireli vya kijeshi vyenye upana wa sentimita 60: kwa jina havikuwa vya biashara.

Kisha ukaja Mkataba wa Fez kati ya Ufaransa na Sultani, ulioianzisha himaya, tarehe 30 Machi 1912, na ndani yake kifungu cha 8. Ni kifupi. Kinasema kwamba Sultani anaahidi kutochukua mkopo wowote, wa umma au wa binafsi, wala kutoa kibali chochote, kwa namna yoyote ile, bila idhini ya serikali ya Ufaransa.

Nilipokiweka kifungu hicho kando ya kile cha 106 cha Algeciras ndipo nilipoelewa himaya ni kitu gani. Hakuna kilichofutwa. Mamlaka ya dola juu ya bandari yalibaki kamili kama mataifa yalivyoapa mwaka 1906, ila sasa dola yenyewe haikuweza kufungua kinywa bila idhini. Kibali kingeendelea kuandikwa kwa jina la Sultani, kwa Kiarabu kizuri na muhuri wake, na mbele ya dunia kingekuwa tendo la mtawala huru. Ufaransa haikuhitaji kumpokonya Sultani kalamu, kwa kuwa kalamu yenyewe ndiyo iliyokuwa na thamani kwake. Kwa hiyo ninasema kwamba Mangungo si mfano unaotosha. Huyu hapa mtawala anayejua kusoma kila neno, na kujua kwake hakumsaidii.

Jenerali Lyautey, mwakilishi mkuu wa kwanza wa Ufaransa, aliichagua Casablanca. Wengi walimwambia kwamba bandari kubwa haiwezi kusimama mbele ya mawimbi yale, naye hakuwasikiliza. Zabuni ilitangazwa kama Algeciras ilivyotaka, na mwaka 1913 kazi ikachukuliwa na kundi la Schneider na Compagnie Marocaine, yaani mikono ileile ya 1907. Ukuta mkubwa wa kuvunja mawimbi ulisukumwa baharini mwaka hadi mwaka, hata wakati wa vita kuu. Kama kazi ya uhandisi ninaustahi. Kama kazi ya siasa ulikuwa na faida ya pili: biashara iliyopita Casablanca ilikuwa nje ya macho ya mabalozi wa Tangier.

Tangier ilibaki imefungwa mikono. Mkataba wa Ufaransa na Hispania wa tarehe 27 Novemba 1912 uliigawa Moroko na kuuachia mji huo utaratibu wa pekee ambao haukuelezwa, na kwa miaka kumi hakuna aliyekubali mwingine aujenge. Baada ya vita Ujerumani iliondolewa: kifungu cha 141 cha Mkataba wa Versailles kiliifanya iachane na haki zake zote za Algeciras. Wakabaki Wafaransa, Waingereza na Wahispania, na mwaka 1921 serikali ya Sultani Moulay Youssef ikatoa kibali cha kujenga bandari ya Tangier kwa kampuni iliyoitwa ya kimataifa lakini ambayo Wafaransa ndio waliokuwa na sauti kuu ndani yake. Waingereza na Wahispania wakapinga vikali. London ilisema kwamba Algeciras imevunjwa, Madrid ikasema kwamba Tangier ni sehemu ya asili ya eneo lake la kaskazini, na Paris ikajibu kwa jibu ambalo kifungu cha 8 kilikuwa kimelitayarisha miaka tisa nyuma: Tangier ni mji wa Sultani, na Sultani ametoa kibali.

Waziri mkuu wa Sultani wakati huo alikuwa Muhammad al-Muqri, yuleyule aliyekataa kutia saini Algeciras mwaka 1906. Nimemfikiria sana mzee huyu. Alikaa katika cheo hicho chini ya Wafaransa kwa miongo kadhaa, na Wamoroko wengi hawamsamehe kwa hilo. Sina haki ya kumhukumu nikiwa mbali hivi. Ninaona tu kwamba mtu mmoja aliishi pande zote mbili za jambo hili: aliwahi kuwa na uwezo wa kukataa kutia saini, akaishia mahali ambapo saini ilitolewa kwa kupitia ofisi yake.

Ugomvi wa Tangier uliisha kwa mkataba uliotiwa saini Paris tarehe 18 Desemba 1923, ulioufanya mji na viunga vyake kuwa eneo la kimataifa chini ya jina la Sultani. Baraza la kutunga sheria lilikuwa na wajumbe 26. Wafaransa wanne, Wahispania wanne, Waingereza watatu, Waitalia wawili, na mjumbe mmoja mmoja kwa Marekani, Ubelgiji, Uholanzi na Ureno. Wenyeji wa mji, walio wengi kuliko wote hao kwa pamoja, walipewa Waislamu sita na Wayahudi watatu, nao hawakuchaguliwa na watu bali waliteuliwa na Mendoub, mwakilishi wa Sultani. Italia, iliyopewa viti lakini ikaachwa nje ya mazungumzo ya mkataba, ilinung'unika hadi ikaingizwa mwaka 1928. Marekani haikujiunga, ilisema inatosheka na haki zake za Algeciras.

Msimamo huo wa Marekani ndio uliozaa kesi ya mwisho. Tarehe 30 Desemba 1948 utawala wa himaya ulitoa amri ya kuzuia bidhaa za nje ya Ufaransa kuingia Moroko bila leseni maalumu, na wafanyabiashara wa Kimarekani wa Casablanca wakasema kwamba usawa ulioahidiwa mwaka 1906 umevunjwa. Ufaransa ikaipeleka Marekani mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, na hukumu ikatolewa tarehe 27 Agosti 1952. Majaji walikubaliana kwamba kuipendelea Ufaransa kulikuwa kinyume cha haki za Wamarekani. Ni kesi yenye kurasa nyingi kuhusu Moroko, ambayo Moroko haikuwa na wakili wake ndani yake. Ufaransa ilisema kwa niaba yake yenyewe na kwa niaba ya mlindwa wake.

Katika hukumu hiyo mahakama iliandika kwamba Moroko, hata ikiwa chini ya himaya, imebaki kuwa dola katika sheria ya mataifa. Mwaka haukutimia. Tarehe 20 Agosti 1953 askari wa Kifaransa waliizingira kasri ya Rabat, wakamchukua Sultani Mohammed V pamoja na familia yake, wakampandisha ndege hadi Corsica, na mwanzoni mwa 1954 wakamhamishia Antsirabe, Madagaska, upande huu wetu wa Bahari ya Hindi.